Wahunzi Wetu Wamepita Kwenye Matundu ya Chekeche

Waswahili wanasema mavi ya kale hayanuki. Pengine ndiyo maana mavi ya chuma, yaani takataka zilizoganda za kazi ya chuma, yamelala karne na karne kwenye mashamba ya Buhaya, Ufipa, Upare na ukanda wote wa pwani, wakulima wakiyatupa pembezoni mwa shamba, bila mtu kuuliza yametoka wapi. Wanaakiolojia walipoanza kuuliza, walipata majibu mazito. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha katika jarida la Science matokeo ya kazi yao Buhaya, ambako wazee waliokuwa bado wanaukumbuka ufundi huo walijenga tanuri na kuyeyusha chuma mbele yao. Felix Chami alichimbua Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, akakuta uyeyushaji wa chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Bertram Mapunda aliyafuatilia matanuri ya Ufipa kwa miaka mingi.

Ukiitazama kazi hiyo yote kwa pamoja, utaona imeelekea upande mmoja: tanuri. Mahali jiwe lilipogeuka chuma tunapafahamu vizuri. Mahali chuma kilipogeuka jembe, shoka, kisu na ncha ya mshale, yaani karakana ya mhunzi, tunapafahamu kidogo mno. Si kwamba karakana hazikuwepo. Kila tanuri lilihitaji mhunzi wa kuipokea kazi yake, na mhunzi alifanya kazi mwaka mzima wakati tanuri liliwashwa kwa msimu. Karakana zinatupotea kwa sababu ushahidi wake mkubwa una ukubwa wa punje ya ulezi, nasi tunachekecha udongo kwa wavu wenye matundu ya milimita 5.

Lugha yenyewe imechangia kutuchanganya. Tunasema "ufuaji wa chuma" tukimaanisha kazi yote tangu kuchimba mawe mpaka kutia jembe mpini. Lakini kuyeyusha ni kazi moja na kufua ni nyingine. Ndani ya tanuri, makaa yanayapokonya mawe ya chuma oksijeni yake. Joto linafika nyuzi 1,200 na zaidi kidogo, takataka za mawe zinayeyuka na kutiririka, lakini chuma chenyewe hakiyeyuki, maana kinahitaji nyuzi 1,538. Kinachobaki ni bonge lenye matundu kama sifongo, limejaa mavi na vipande vya makaa. Bonge hilo halifai kitu mpaka lipashwe moto tena na kupigwa. Ufipa waliiona tofauti hiyo waziwazi kiasi cha kuzipa hatua vyombo tofauti. Ilungu, tanuri refu la kufikia mita 3 lililovuta upepo lenyewe bila mivukuto, lilitoa bonge. Kintengwe, tanuri dogo la mivukuto, lililisafisha. Kisha ndipo kazi ikaja mikononi mwa mhunzi. Malungu kadhaa bado yamesimama Ufipa hadi leo, na kila mgeni huyapiga picha. Karakana iliyokuwa na paa la nyasi juu ya nguzo nne haina cha kupigwa picha.

Basi inaacha nini? Chuma kikitolewa motoni kikiwa chekundu, hewa inakishambulia papo hapo na uso wake unavaa ngozi nyembamba ya oksidi. Nyundo ikitua, ngozi hiyo inapasuka na kuruka. Hayo ndiyo magamba: vipande bapa, vyembamba chini ya nusu milimita, upana wa milimita 1 hadi 3, rangi ya kijivu cha samawati, kingo zake kali kama kioo kilichovunjika. Aina ya pili ni matone. Mhunzi anapounganisha vipande viwili hupasha chuma mpaka kikaribie weupe na kukinyunyizia mchanga ili oksidi iyeyuke; akipiga, majimaji hayo yanafyatuka pembeni na kuganda hewani yakiwa duara, mara nyingi yakiwa na uwazi ndani. Bonge likipigwa mara ya kwanza ili litoe mavi yake, matone huwa mengi zaidi. Kwa hiyo uwiano wa magamba na matone unaeleza kazi iliyofanyika: magamba matupu ni ya fundi aliyenyoosha na kunoa majembe, matone mengi ni ya aliyesafisha mabonge au kuunga vyuma. Na hakuna mhunzi aliyewahi kuinama kuokota magamba. Jembe lililovunjika hulifua upya, msumari uliopinda huunyoosha, hata kipande cha upana wa kidole hukiweka. Ndiyo maana kukosekana kwa vyuma kwenye shimo la uchimbuaji si hoja ya kusema hapakuwa na mhunzi. Penye mhunzi hodari ndipo chuma kinapokosekana.

Kosa la kwanza hutokea kabla hata mwiko haujagusa udongo, katika kuitambua sakafu. Sakafu ya karakana ni tabaka jeusi la sentimita 5 hadi 15, lenye unga wa makaa, magamba na udongo uliokanyagwa miaka mingi. Kwa jicho la haraka linafanana na jaa la jikoni, na wachimbaji wengi huliandika hivyo: "jivu". Penye unyevu, magamba hushika kutu na kushikamana yakawa gome gumu la rangi ya hudhurungi. Gome hilo kwenye nchi yetu ya udongo mwekundu hudhaniwa kuwa murram ya asili, mtu akachukua sululu na kulivunja akitafuta "tabaka lenye vitu" chini yake. Vitu ndivyo hivyo alivyovivunja. Kipimo chake ni rahisi: ponda kipande kidogo, kipitishie sumaku, halafu tazama kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona bapa linalong'aa, weka sululu chini.

Jiko lenyewe halina ukubwa wa kumshtua mtu. Kwa kawaida ni shimo la kina kifupi, upana wa sentimita 30 hadi 50, udongo wake umeiva ukawa mwekundu kwa sentimita chache tu, kwani moto wa mhunzi huwa mkali mahali padogo, mbele ya mdomo wa bomba la udongo linaloleta upepo wa mivukuto. Kipande cha bomba hilo kikipatikana, kitazame ncha: upande uliokuwa motoni umeyeyuka na kuwa kama kioo cha kijani au cheusi, upande wa mivukuto umebaki udongo wa kawaida. Mwelekeo wake, kama umebaki mahali pake, unaonyesha mivukuto ilikaa wapi, na hivyo msaidizi aliyeivuta. Mashimo ya nguzo nayo yatafutwe. Paa la karakana halikuwa la mvua tu. Mhunzi husoma joto kwa rangi ya chuma, na juani rangi nyekundu iliyoiva haionekani. Kivuli kilikuwa chombo cha kazi kama nyundo.

Namna ya kuchimbua sasa. Sakafu ikishafunuliwa, isichimbwe kwa mraba wa mita moja kama tulivyozoea, kwa sababu maisha yote ya karakana yalikuwa ndani ya hatua mbili. Gawa sakafu kwa miraba ya nusu mita. Karibu na jiko, na popote panaposhukiwa kuwa pa fuawe, yaani jiwe au chuma cha kufulia juu yake, punguza hadi sentimita 25. Chukua nusu lita ya udongo kila mraba, kwa kila sentimita 5 za kina, mfuko wake, namba yake, lebo ya penseli ndani na nyingine nje, maana wino wa kalamu ya kawaida hufutika mfuko ukitoa jasho. Tufanye hesabu. Karakana ya mita 4 kwa 5 ni miraba 80 ya nusu mita. Ukiitoa 16 ya eneo la mita 2 kwa 2 katikati na kuigawa iwe 64 midogo, unapata 128. Tabaka likiwa la sentimita 10, ni mifuko 256, yaani lita 128: ndoo sita za lita 20 na ushee. Wanaosema njia hii ni ghali hawajawahi kuipigia hesabu. Ghali ni kusafirisha kilo 300 za mavi ya chuma hadi maabara na kuyaacha darini bila mpango wa kuyapima.

Udongo uanikwe kivulini mpaka ukauke kabisa. Hapa haraka huharibu: udongo mbichi hushikamana na sumaku huokota madonge, si magamba. Ukishakauka, upondwe kwa vidole, upimwe uzito, utandazwe kwenye karatasi kwa unene wa punje chache, kisha sumaku ipitishwe juu yake ikiwa imevalishwa mfuko wa plastiki. Ukiuvua mfuko, magamba yanadondoka yenyewe. Ukipitisha sumaku tupu utakesha ukiyakwangua. Sumaku ya spika kuukuu inatosha, na kwa kweli ni bora kuliko zile ndogo za kisasa zenye nguvu kupita kiasi, ambazo huokota hata udongo mwekundu. Kilichookotwa kipimwe kwa gramu kwa kila kilo ya udongo, halafu sampuli ihesabiwe chini ya lenzi: magamba mangapi, matone mangapi, na vingapi si hili wala lile.

Kundi la mwisho lina maana kubwa, kwa sababu sumaku ni mwongo mwenye heshima. Mchanga mweusi wa fukwe na mito yetu una chembe za magnetaiti, madini ya chuma ambayo sumaku hupenda kuliko magamba yenyewe. Upare Kaskazini, ambako Louise Iles na wenzake wamechunguza uzalishaji wa chuma, na Laikipia nchini Kenya, mchanga wa namna hiyo ndio uliokuwa malighafi ya chuma. Kwa hiyo sumaku iliyojaa haimaanishi mhunzi. Yawezekana ni mto uliopita hapo, au ni akiba ya myeyushaji. Udongo uliochomwa na moto wa kawaida pia huvutwa na sumaku. Dawa ni mbili. Kwanza, chukua sampuli kumi hivi nje kabisa ya eneo, mita 30 au zaidi, upate kujua udongo wa pale unatoa nini wenyewe. Pili, usiamini uzito bila lenzi: chembe ya mchanga ni nene na imeviringika au ina pembe za kito, gamba ni bapa. Na siku hizi kuna mtego mwingine. Kijiji chenye fundi wa kuchomelea mageti na mashine ya kukatia vyuma hutapakaza cheche zinazoganda kuwa matone madogo ya duara, mepesi ya kubebwa na upepo. Matone mengi kwenye sentimita 5 za juu pasipo gamba hata moja ni ya fundi huyo, si ya babu yake.

Ramani ya gramu ikishachorwa, karakana huanza kuonekana yenyewe. Magamba hujikusanya kuzunguka fuawe. Pale fuawe ilipokaa, hata kama jiwe au kipande cha chuma kiliondolewa zamani, hubaki doa lisilo na magamba, kama alama ya sufuria iliyoondolewa kwenye meza yenye unga. Doa lingine tupu, upande mmoja, mara nyingi ni la mhunzi mwenyewe, aliyeketi au kuchuchumaa na mwili wake ukakinga magamba. Umbali kati ya jiko na fuawe hauwezi kuwa mkubwa, kwani chuma chembamba hupoa kwa sekunde chache. Ukipata mita 3 kati yao, basi ama umekosea moja, ama una karakana mbili za nyakati tofauti. Huko Burton Dassett, kijiji cha zama za kati nchini Uingereza, Mills na McDonnell walichambua magamba ya karakana ya mhunzi na ripoti yao ilitoka 1992. Miaka zaidi ya 30 imepita. Hatuwezi kudai kwamba njia ni ngeni.

Hata hivyo ramani isisomwe kama ilivyo. Wahunzi hufagia. Magamba yanachoma miguu isiyo na viatu, na karakana iliyofagiwa kila asubuhi huwa na katikati safi na mstari mnene pembezoni. Asiyelijua hilo ataweka fuawe kwenye ukingo wa ukuta. Mchwa nao hupandisha na kushusha chembe ndogo kwenye vichuguu vyao, kuku hupekua, na mizizi ya mwembe hupasua sakafu nzima. Sakafu yenye matundu ya mchwa ichorwe pamoja na matundu yake, na sampuli isichukuliwe ndani yake.

Kwa mavi makubwa mambo ni mepesi kidogo, ingawa hapo ndipo makosa yanapochapishwa. Kwenye jiko la mhunzi, magamba, mchanga na majivu huyeyuka na kukusanyika chini ya upepo, yakaganda kama andazi lililopinduliwa: juu bapa au pamebonyea, chini pameviringika na pamenasa udongo na makaa. Uzito wake mara nyingi ni gramu 100 hadi kilo moja, mara chache kufika 2. Mavi ya tanuri yana sura nyingine: yametiririka, yana mikunjo kama uji uliomwagika, na jumla yake huwa kilo nyingi au tani. Buhaya shimo la tanuri lilijazwa majani ya kinamasi, kwa hiyo mavi yake yana alama za mabua. Tukiyachanganya makundi hayo mawili na kuandika tu "mavi ya chuma, vipande 47", tumeitupa habari muhimu kuliko zote: je, watu hawa walizalisha chuma, au walinunua na kukifanyia kazi?

Kwa pwani, swali hilo ndilo lenyewe. Al-Idrisi, aliyekamilisha jiografia yake mwaka 1154 katika Sicily, aliitaja Malindi kuwa na machimbo ya chuma na biashara ya chuma. Tangu hapo wanahistoria wamevutana: miji ya Waswahili iliyeyusha chuma yenyewe, ilikipata kutoka bara, au ilikipokea kwa jahazi? Utafiti wa Chapurukha Kusimba na David Killick kwenye vyuma vya miji ya pwani ya Kenya umeonyesha mchanganyiko: uyeyushaji wa hapa hapa ulikuwepo, Galu ikiwa mfano, na pia imepatikana pua, ile aina ngumu ya chuma, iliyoyeyushwa ndani ya vyungu vya udongo, ufundi ambao umesifika zaidi India na Asia ya Kati. Huenda hata neno feleji, yaani pua bora, lilipanda jahazi hilo hilo. Lakini vyuma vyenyewe ni vichache na vimeliwa na chumvi. Magamba ya sakafuni ni maelfu kwa maelfu. Mji wenye karakana zenye magamba mengi, mavi ya andazi na hakuna mavi ya kutiririka, ulinunua chuma. Mtaa wenye matone mengi ulipokea mabonge machafu, na mabonge machafu hayasafirishwi mbali, kwa kuwa yakisafishwa hupoteza karibu nusu ya uzito. Nani atalipia nauli ya mavi? Hoja ya chuma cha bara au cha ng'ambo ingeweza kupata mizani yake kwenye ndoo sita za udongo kwa kila karakana.

Hoja ya kupinga ninayoiheshimu ni ya muda. Msimu wa uchimbuaji ni wiki nne au sita, wanafunzi ni wachache, na kibali kina tarehe ya mwisho. Jibu langu ni kwamba magamba hayahitaji kupimwa uwanjani. Kinachohitajika uwanjani ni kuuchukua udongo kwa miraba na kuukausha. Sumaku inaweza kungoja mwaka. Kisichongoja ni vyuma. Kipande cha chuma kutoka udongo wa pwani kimenyonya chumvi, na kikitolewa kwenye giza lake huanza kutoa matone ya kahawia na kupasuka ndani ya miezi. Kisioshwe. Kiwekwe kwenye kopo lisilopitisha hewa pamoja na zile chembe za silika za kunyonya unyevu, zikikaushwa kila zinapobadilika rangi, na kipigwe eksirei kabla ya mtu yeyote kukwangua kutu. Mara nyingi umbo la kisu limebaki ndani ya kutu tu, chuma chenyewe hakipo tena, na anayekwangua anakwangua kisu.

Kuhusu umri, makaa ya jikoni hueleza moto wa mwisho, si siku karakana ilipofunguliwa. Ya mwanzo yako chini ya sakafu. Tena mhunzi hupenda makaa ya miti migumu, na mti wa miaka 200 ukipimwa kwa radiokaboni kutoka kiini chake utaizeesha karakana kwa karne mbili isizowahi kuziishi. Chagua vijiti vyembamba.

Swali la mwisho ni la mashimo yaliyokwisha kuchimbwa. Vifusi vya kazi za miaka iliyopita bado vimelala kando ya maeneo mengi, nyasi zimeota juu. Sumaku ya spika ikipitishwa juu ya kilo chache za kifusi hicho itaokota magamba, kama yalikuwepo. Yamekaa pale tangu siku yalipodondoka chini ya chekeche. Yatathibitisha kwamba chuma kilifuliwa hapo, na lenzi itaeleza kama ilikuwa kazi ya kuunga au ya kunyoosha. Fuawe ilikaa wapi, mivukuto ilivutwa kutoka upande gani, fundi mmoja au watatu, hayo hayasomeki tena kwenye kifusi.